Besi ya chini kabisa ikae noti gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watengeneza biti: singeli, bongo fleva, amapiano, dabstepu, chochote kinachosimama juu ya besi nzito. Nimekusanya maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu jambo moja tu, besi ya chini kabisa, ile inayofika kifuani kabla ya masikioni: uiweke kwenye noti ipi? Wengi hulikumbuka jambo hili wimbo ukiwa umeshaimbwa, halafu wanataka ekyu, yaani kifaa cha kupandisha na kushusha sehemu za sauti, iwaokoe. Noti ikishakaa pabaya, ekyu haina cha kuokoa. Kwa hiyo usishangae majibu mengi yakikurudisha nyuma, hadi siku ile ulipochagua ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake.

Besi ya chini kabisa ni ipi hasa?

Kuanzia 20 Hz hadi 60 Hz hivi, wengine huisogeza mpaka 80. Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. 50 Hz maana yake koni ya spika inatoka na kurudi mara 50 kila sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia karibu na 20 Hz, lakini kuanza kusikia si kusikia muziki. Chini ya 35 Hz hivi, ni vigumu kujua kama noti imepanda au imeshuka. Unahisi tu suruali inatikisika.

Sina muda wa nadharia. Nitajie noti.

Haya. E hadi A. E ni 41.2 Hz, F ni 43.7, F# ni 46.2, G ni 49, G# ni 51.9, A ni 55. Kama noti kuu ya besi yako, ile unayoirudia na ambayo wimbo unatua juu yake, imeangukia kwenye hizo sita, umeshamaliza nusu ya kazi.

Nikiachiwa uhuru nachukua F, F# au G. Ukikaa hapo una pa kupandia, na ukitaka kushuka hatua moja au mbili bado spika nyingi zitakufuata. Chini ya E kuna D# (38.9) na D (36.7), nzuri kwenye mitambo mikubwa, za kubahatisha kwingine kote. Juu ya A kuna A# (58.3), B (61.7) na C (65.4). Hizo bado nzito, ila zinapiga tumbo zaidi kuliko kutetemesha sakafu.

Narudia: nazungumzia noti kuu. Noti ya kupita njia, ya robo ya pigo, iache iende itakako.

Programu yangu inaiita E0, ya mwenzangu inaiita E2. Nani yuko sahihi?

Wote. Hakuna mkataba mmoja wa kuhesabu oktava, yaani ngazi ambazo noti ileile hujirudia, kila moja ikiwa na mitetemo mara mbili ya ile ya chini yake. E ya 41.2 Hz, ambayo ndiyo waya mnene wa gita la besi la waya nne, kwenye vitabu vya fizikia ya sauti ni E1. Ableton Live inaiandika E0. FL Studio inaiandika E2. Kibonyezo ni kilekile, namba 28 ya MIDI, lugha ambayo vyombo na programu huitumia kuhesabu vibonyezo, kwenye programu zote.

Nimeona mafunzo ya video yakisema "weka besi kwenye F1", dogo akaweka F1 ya FL Studio, akapata 21.8 Hz, akadhani spika zake zimekufa. Usifuate jina la oktava la mtu ambaye hujui anatumia programu gani. Fungua kichambuzi cha sauti, kile chenye milima inayocheza, uangalie mlima wa kwanza kushoto umesimama kwenye Hz ngapi. Ndiyo maana hapa chini nitataja Hz zaidi kuliko majina.

Kwa nini nisishuke chini zaidi? Si ndiyo uzito wenyewe?

Biti yangu ya kwanza kupigwa hadharani ilikuwa kwenye C, besi ikiwa 32.7 Hz. Kwenye hedifoni ilisikika kama lori linapita chini ya kitanda. Usiku huo kulikuwa na kigodoro, sherehe ya mtaani, nikampa fundi mitambo flashi. Kiki, ile ngoma nzito ya mpigo, ikaja, sauti ya mwimbaji ikaja, besi haipo. Nikamwomba aongeze. Akaongeza. Koni ya inchi 18 ikaanza kwenda mbele na nyuma kama kifua cha mtu aliyekimbia, unaiona kwa macho kabisa, na sauti hakuna. Kisha ikaanza kukohoa. Akashusha haraka, akaniambia, "Dogo, hapa umeleta picha, hujaleta sauti."

Alikuwa sahihi, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni koni. Ukitaka sauti ya ukubwa uleule oktava moja chini, koni inatakiwa kusafiri umbali mara nne zaidi. Koni iliyokuwa ikienda milimita 2 kwa 65 Hz itadaiwa milimita 8 kwa 32.7 Hz. Nyingi hazina safari hiyo ndani yake.

Ya pili ni boksi. Maboksi mengi ya sherehe yana tundu, na tundu hilo limepimwa lisaidie koni kwenye eneo fulani, mara nyingi 40 na kitu. Ukishuka chini ya hapo msaada unakatika ghafla na koni inabaki hewani bila breki. Kukohoa kule ndiko huko. Mafundi wanaojali vifaa vyao huweka filta inayokata kila kitu chini ya 30 au 35 Hz, na wana haki. Besi yako ikiwa hapo, imekatwa kabla hata ya kufika kwenye ampilifaya.

Ya tatu ni sikio. Tangu watafiti Fletcher na Munson walipopima mwaka 1933, inajulikana kwamba sikio letu ni zito upande wa chini. Kwa vipimo vya sasa, sauti ya 31.5 Hz inahitaji desibeli 15 hivi zaidi ya sauti ya 50 Hz ndipo ianze tu kusikika. Desibeli 15 si mchezo, ni nguvu ya ampilifaya mara 30 na zaidi. Nafasi hiyo utaitoa wapi? Utaitoa kwenye sauti ya mwimbaji na kwenye kiki. Wimbo mzima utakuwa mdogo kuliko wa jirani, na wewe utalaumu masta, ile hatua ya mwisho ya kuukuza wimbo.

Na nikipandisha juu, kuna ubaya?

Hakuna, ila jina linabadilika. Ukifika 80, 90, 100 Hz hiyo ni besi ya kawaida. Inasikika vizuri karibu kila mahali, haitikisi kitu. Kuna nyimbo zinaitaka hiyo tu.

Wimbo wangu uko C na mwimbaji hataki kuhama. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, maana C ndiyo noti yenye shida zaidi: ya chini ni 32.7, ya juu ni 65.4. Moja imezama, nyingine inaelea. C# na B ziko karibu na shida hiyohiyo.

Kwanza niseme wazi, mwimbaji akishapata ufunguo unaomkaa kooni, muache. Msikilizaji atasamehe besi nyepesi, hatasamehe mtu anayekaza shingo kwenye kiitikio. Ila mara nyingi ufunguo hakuuchagua yeye. Ulichaguliwa na prodyuza kwa sababu C haina vibonyezo vyeusi. Muulize kama nusu noti au noti moja juu inamuumiza. Mpe D: 36.7, bado chini, lakini kwenye mtambo mzuri inapumua. Mpe mbili na nusu juu akiweza, uko F, umefika nyumbani.

Akikataa kabisa, usiilazimishe besi ikae kwenye C kila wakati. Chukua mzunguko huu ambao bongo fleva imeutumia mpaka umechakaa: A maina, F, C, G. Besi ya A iko 55, ya F 43.7, ya G 49. Tatu zote ziko mahali pake bila kuombwa. Inabaki C. Unaweza kuipandisha 65.4 ikasikika kama inaruka juu kidogo, na kuruka huko mara nyingine kunapendeza. Au weka E chini ya kodi ya C (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), 41.2 Hz, E imo ndani ya kodi hiyohiyo, mwimbaji hatajua umefanya nini, ila sakafu itajua. Mimi hupenda hii ya pili. Inaleta hali ya kutotulia inayosukuma wimbo uende kwenye G.

Njia nyingine ni kukubali 65.4 na kuwa mkweli nayo: ondoa kiki nzito, weka kiki fupi kavu, besi ibaki peke yake chini. Uzito unatokana na nafasi pia.

Noti zangu zote ziko eneo zuri, lakini nyingine zinapiga kelele na nyingine zinanyamaza.

Sehemu ya lawama ni ya sikio, kama nilivyoeleza: A ya 55 itasikika kubwa kuliko F ya 43.7 hata kama mita inaonyesha sawa. Ongeza F kidogo kwa mkono, noti kwa noti. Usikimbilie kompresa, kifaa kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo, itazipanga kwenye mita tu, si kwenye sikio. Sehemu nyingine ya lawama ni ya chumba chako; shuka chini utaliona swali lake.

Nafanya singeli. Ushauri huu unanihusu?

Nusu tu, na hapa nataka tupige hesabu pamoja.

Chukua singeli ya BPM 200, yaani mapigo 200 kwa dakika, ambayo kwa Tandale na Manzese, Dar es Salaam, ni mwendo wa kutembea. Pigo moja ni milisekunde 300. Ukiligawa mara nne unapata milisekunde 75 kwa kila noti ndogo. Wimbi la 40 Hz linachukua milisekunde 25 kuzunguka mara moja. Kwa hiyo noti yako ndogo imebeba mizunguko mitatu tu, ikakatwa. Sikio linahitaji mizunguko kadhaa ndipo liseme hii ni noti gani. Kwa mitatu linasikia bonge la sauti lisilo na jina. Panda BPM 300: noti ndogo ni milisekunde 50, mizunguko miwili. Hapo hujapiga noti, umegonga meza.

Sasa weka noti hiyohiyo kwenye 80 Hz. Mzunguko mmoja ni milisekunde 12.5, kwenye milisekunde 75 unapata sita. Imeshakuwa noti. Ndiyo sababu besi ya singeli inayokimbia na ngoma ikae juu, 60 hadi 90 hivi, na huo si upungufu, ndiyo umbile la mwendo wenyewe.

Lakini kuna mlango mwingine. Acha kiki na ngoma zikimbie, halafu besi ya chini iwe ya uvivu, noti moja ndefu kwa mapigo manne au manane. Kwa BPM 200, mapigo manne ni sekunde 1.2. Wimbi la 45 Hz linapata mizunguko 54 humo, linajaza uwanja. Wacheza wanakuwa na kasi mbili za kuchagua, miguu ifuate ngoma, kiuno kifuate besi.

Na ukikata noti fupi, iache izime kwa milisekunde 5 hadi 10 badala ya kuikata kama kisu. Wimbi likikatwa katikati ya mwendo linatoa "tak" ambayo wengi hudhani ni kasoro ya plagi, yaani programu ndogo ya sauti.

Ile besi ya amapiano inayogonga, nayo ni ya chini kabisa?

Ina mzizi chini, lakini nguvu yake iko juu zaidi. Logi dramu, kama wanavyoiita, ilisambaa kutoka kwenye sauti iliyomo ndani ya DX10, sinthesaiza inayokuja na FL Studio, na vijana wa vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, wakaifanya iwe sauti ya nchi nzima. Ni sauti ya kugonga, imejaa haramoniki, na noti huteleza. Haramoniki ni zile sauti ndugu zinazopanda juu ya noti yenyewe, mara mbili yake, mara tatu, mara nne. Ndizo zinazofanya logi dramu isikike hata kwenye simu. Mwendo wa BPM 112 hivi unaipa muda wa kutosha kulia.

Kosa ninaloliona ni mtu kuweka chini yake wimbi lingine laini linalofuata kila mtelezo. Matokeo ni uji. Kama unataka nyongeza, iwe kwenye noti za kutua tu, 45 hadi 55 Hz.

Kwa nini nyimbo za dabstepu za zamani zinashuka sana na bado zinasikika?

Kwa sababu zilitengenezwa zikimjua aliyekuwa akizipiga. Mizizi yake ni mitambo ya Kingston, Jamaika, ya miaka ya 1950, maboksi marefu kama kabati yaliyopangwa barabarani. Wahamiaji wakaipeleka Uingereza, na kutoka hapo kila kizazi cha London kilichukua besi kikaishusha kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa Croydon, kusini mwa jiji, walibakiza kiki na sneya (ngoma kali ya juu) kwa uchache, BPM 140 lakini mwendo unahisiwa kama 70, na katikati wakaacha shimo kubwa la besi. Walizijaribu nyimbo zao kwenye klabu chache zenye mitambo iliyojengwa kwa ajili hiyo, kama Plastic People upande wa mashariki ya jiji, na kwenye usiku wa DMZ ulioanza Brixton mwaka 2005.

Angalia hesabu: pigo moja la BPM 140 ni milisekunde 429 hivi. Besi ya 40 Hz inapata mizunguko 17 kwa pigo, na noti zao hukaa mapigo mawili, matatu. Kiki juu yake ni chache, hakuna gita, na chini yake pana mtambo unaoweza. Ukichukua noti ileile ukaiweka kwenye biti iliyojaa na spika ya inchi 12, unakuwa umechukua mbegu ukaacha shamba.

808 yangu iko kwenye ufunguo lakini inasikika kama imepotea njia.

808 ni besi iliyotokana na ngoma ya mashine ya midundo, na huenda yako haiko kwenye ufunguo. Mashine yenyewe, Roland TR-808 ya mwaka 1980, ilitoa ngoma ya besi ya kianalogi ambayo haikuwa imepangwa kwa noti ya piano. Sampuli, yaani vipande vya sauti yake vilivyorekodiwa, zinazozunguka leo zimepita mikono mingi, na faili linaloitwa "C" linaweza kuwa D# kasoro kidogo. Icheze, angalia kichambuzi kwenye mkia wake, si kwenye mpigo wa kwanza, kwa sababu mpigo huanza juu ukashuka. Mkia ukisoma 51.9 hiyo ni G#, basi iambie sampla, programu inayopiga sampuli, kuwa noti yake ya asili ni G#.

Kisha kumbuka, sampuli ikishushwa inarefuka na ikipandishwa inafupika, kama kaseti. 808 iliyorekodiwa vizuri kwenye 50 ukiishusha hadi 33 inakuwa ndefu, legelege, imepoteza ngumi. Kwa mitelezo, teleza kutoka noti salama kwenda noti salama. Anayeteleza kutoka 55 hadi 27 amemaliza wimbo gizani.

Kiki na besi zinagombana.

Kiki ya ngoma, si ile ya kutafuta umaarufu mitandaoni, ingawa nayo hugombanisha watu.

Tafuta kiki inatua wapi. Ikitua 52 Hz na besi yako ni G ya 49, sauti hizo mbili zitapishana mara tatu kila sekunde, zinaongezana, zinafutana, na wewe utasikia mkunjo unaokuja na kuondoka kama redio ya mawimbi mafupi. Ama ipandishe au ishushe kiki iwe G pia, ama itenganishe kabisa: besi ikae 43, kiki itue 60 na kitu, au kinyume chake, kiki ichukue 45 na besi ikae juu ya 60. Chagua nani ni mwenye nyumba wa ghorofa ya chini. Wawili hawapangi chumba kimoja.

Saidicheni, yaani kuishusha besi kila kiki inapopiga, inasaidia, lakini naiona ikitumika kama dawa ya kutuliza maumivu wakati jino lenyewe limeoza. Panga noti kwanza. Mara nyingi utagundua unahitaji kushusha besi desibeli 3 tu badala ya 12.

Kwenye simu besi yangu haipo kabisa.

Na haitakuwepo. Spika ya simu ni ndogo kuliko kucha ya dole gumba. 45 Hz haiwezi. Kinachowezekana ni kulidanganya sikio. Ubongo ukisikia 90, 135 na 180 Hz pamoja, unajaza wenyewe 45 iliyokosekana. Kwa hiyo besi ya wimbi la sini tupu, ambalo halina ndugu hata mmoja wa juu, inapotea kabisa kwenye simu, na besi iliyochubuliwa kidogo kwa sacharesheni, kifaa kinachoikwaruza sauti ili ipate haramoniki, inabaki na kivuli chake. Chubua nakala ya besi, kata kila kitu chini ya 100 Hz kwenye hiyo nakala, ichanganye taratibu chini ya ile safi. Ukiisikia waziwazi umeshazidisha.

Chumbani kwangu besi haisikiki, mama aliyeko jikoni analalamika.

Nilikaa miaka miwili kwenye chumba cha tofali chenye urefu wa mita 3.4. Kila nilipopiga G besi ilitoweka, kwa hiyo niliiongeza. Kila wimbo nilioupeleka kwingine ulikuwa na G inayofukuza watu.

Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Gawa 343 kwa urefu wa chumba mara mbili: 343 gawanya kwa 6.8 ni 50.4 Hz. Kwenye noti hiyo wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mwenzake na kusimama: kubwa ukutani, karibu sifuri katikati. Na mimi kiti changu kilikuwa katikati kabisa. G ni 49, G# ni 51.9. Chumba cha mita 3 kina shida hiyo karibu na 57, cha mita 4 karibu na 43.

Sogeza kiti. Theluthi moja hivi ya urefu kutoka ukuta mmoja ni bora kuliko katikati. Kisha piga besi moja ndefu, inuka, zunguka chumba mpaka mlangoni. Utaisikia ikivimba na kunywea kila hatua chache. Magodoro ya sponji uliyobandika ukutani hayagusi 50 Hz hata kidogo. Yanakula sauti za juu tu na kukuachia chumba kizito zaidi. Nyumba ya mabati au ya mbao nyembamba, kwa mshangao wa wengi, mara nyingine ni bora, kwa sababu besi inapita ukutani na kwenda zake. Kwa majirani, lakini inakwenda.

Basi nitumie hedifoni tu?

Kwa kujua noti iko wapi, ndiyo, hedifoni za kufunika sikio zinasema ukweli kuliko chumba kibaya. Kwa kujua kiasi, hapana. Hazina mwili, kwa hiyo utaongeza besi ukitafuta kile kifua kilichokosekana.

Nikiisikiliza kwenye matatu je?

Matatu ni kipimo kizuri cha burudani na kibaya cha haki. Ndani ya gari dogo lililofungwa, mawimbi marefu hayana pa kwenda. Kuanzia 60 au 50 Hz kushuka chini, kibanda chenyewe huongeza besi. Noti ya 35 inayokufa uwanjani itanguruma pale hadi vioo vicheze. Furahia, usiitumie kuamua.

Besi ya chini iwe stirio?

Hapana. Katikati, mono, kila kitu chini ya 100 Hz. Mitambo mingi ya mtaani inaunganisha pande mbili kuwa moja, na upana wako utajifuta wenyewe.

Naweza kupiga kodi huko chini?

Noti moja kwa wakati. Hata E na B pamoja, ambazo juu zinapatana kama ndugu, kwenye 41 na 62 zinasugua.

Nikate chini ya 30 Hz mimi mwenyewe?

Kama noti zako zote ziko juu ya 40, kata taratibu, usitumie mteremko mkali, maana filta kali huvuruga fezi, yaani mpangilio wa muda wa mawimbi, ya noti iliyo juu yake na kuilainisha ngumi. Kama umefanya kazi safi utakuta hakuna cha kukata.

Sina mtambo mkubwa. Nitajuaje noti gani zinafanya kazi kule zitakakopigwa?

Tengeneza faili moja: wimbi la sini, sauti ya ukubwa uleule, noti moja moja za sekunde 4, kuanzia C ya 65.4 ukishuka nusu noti hadi C ya 32.7. Ni noti 13, haifiki dakika moja. Weka kwenye flashi. Siku ya shughuli wahi mapema, kabla watu hawajafika, umwombe fundi mitambo kwa adabu, umnunulie soda, akupigie kwa sauti ya wastani, asije akaunguza kitu kwa ajili yako. Simama pale watu watakapocheza, si mbele ya spika.

Andika kwenye simu noti ya mwisho iliyokugusa kifuani na noti ya kwanza iliyobaki upepo tu. Fanya hivyo sehemu tatu nne tofauti. Karatasi yangu bado iko juu ya meza yangu, imejaa madoa ya chai: sehemu ya kwanza iliishia F#, ya pili E, ya tatu G, ya nne F. Tangu siku hiyo biti zangu nyingi huanza G.